Masisi–Walikale: Radi ikichoma rezo ya kompyuta ya zamani, ni karte gani ya kununua?

Kompyuta ya mezani yenye miaka 15 inaweza kuandika, kuchapisha na kutunza hesabu za kituo cha afya au sekretariati bila shida. Halafu siku moja mvua inanyesha, radi inapiga, na kesho yake mashine inawaka lakini intaneti hakuna.

Wakaaji wa Masisi wanaijua hali hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, kwa kutumia hesabu za miaka 16 za setilaiti ya NASA, uliweka Sake kwenye nafasi ya 5 duniani kwa wingi wa radi: zaidi ya 140 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Radi haina lazima ipige nyumba yenyewe. Nguvu yake hupita kwa kable inayotoka kwenye antena, na mara nyingi kinachokufa ni mlango wa rezo tu.

Kabla ya kununua, kable ingine ijaribiwe kwanza. Kama taa ndogo za mlango bado haziwake, basi kasha lifunguliwe, nafasi za ndani zitazamwe. Kompyuta za kabla ya 2004 zina nafasi za PCI, ndefu na mara nyingi nyeupe. Zile za nyuma yake zina PCI Express, ambayo inaweza kuwa fupi sana. Karte ya moja haiingii kwa ingine, hata ikisukumwa.

Wauzaji hupenda kusifu karte ya megabiti 1000. Si mbaya, lakini intaneti ya simu au ya setilaiti inayogawanywa na watu wengi ni nadra kufika hata 100. Karte ya 100 inatosha, na haifai kuongeza pesa juu yake.

Mtego mkubwa ni piloti, programu inayofanya kompyuta iitambue karte. Kompyuta isiyo na rezo haiwezi kuipakua! Karte zenye chipu ya Realtek RTL8139 zinatambuliwa na Windows XP na Linux zenyewe. Kwa zingine, piloti iwekwe kwenye kle ya USB kabla ya kutoka Goma au Bukavu. Kwa mtu wa Walikale, kurudi kubadilisha karte maana yake ni kupita tena barabara ya Hombo, na tangu vita vya 2025 safari hiyo imezidi kuwa ngumu. (Bati linalogandisha vipande vya karte kama hizo huchimbwa pia Bisie, wilayani Walikale kwenyewe.)

Anayeogopa kufungua kasha anaweza kuchukua adapta ya USB, ila mlango uwe wa USB 2.0, ule wa 1.1 hupitisha megabiti 12 tu.

Mawingu yakianza kunguruma, kuzima kompyuta hakutoshi: kable ya rezo ichomolewe pia.