Nani Amemwua Mwalimu?

Wazazi wapenzi, huenda siku moja mtoto wenu atarudi likizo kutoka sekondari na kitabu chenye picha ya kisu juu ya jalada, au tone la damu, au lango la shule lililofungwa kwa mnyororo. Mtamwuliza: "Hiki ni kitabu gani?" Naye atawajibu: "Ni hadithi ya upelelezi. Mtu ameuawa shuleni, na wanafunzi wanamtafuta mwuaji." Je, mtafanya nini? Mtakitia motoni? Au mtanyamaza tu, mkisema mambo ya vitabu hayawahusu?

Vitabu vya namna hii ni vingi sana siku hizi katika Uingereza na Marekani, na vijana wanavipenda. Vingi vinafanana: shule ya watoto wa matajiri, maiti moja, na kijana asiyeridhika na maneno ya wakubwa. Leo tuvitazame vizuri. Yamo mambo ya kuonya, na limo pia somo ambalo vijijini kwetu tunalihitaji kuliko tunavyodhani.

SHULE ZENYEWE

Kwanza mjue shule hizo ni za namna gani. Katika Uingereza, watoto wapatao 7 tu katika kila 100 husoma shule za watu binafsi za kulipia karo. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Eton, karibu na Windsor. Mfalme Henry VI aliianzisha mwaka 1440 ili wavulana 70 maskini wasome bure. Leo karo yake ni zaidi ya paundi 50,000 kwa mwaka, ingawa wapo bado wanafunzi wanaosaidiwa. Basi tazameni: shule iliyojengwa kwa ajili ya maskini, leo ukiitaja jina lake watu hufikiri utajiri.

Kwa nini waandishi wa hadithi za mauaji wanazipenda shule kama hizo? Sababu si ngumu. Shule ya bweni ina ukuta na lango. Usiku lango hufungwa, na wote waliomo wanajulikana kwa majina. Kwa hiyo mtu akiuawa, mwuaji si mgeni wa njiani, bali ni mmoja wa wale wanaokula meza moja na kukaa darasa moja. Tena shule ya namna hiyo ina jina la kulinda. Mkuu wa shule anaogopa magazeti, wazazi wanaogopa aibu, na kila mtu ana siri yake. Wakubwa wanataka shauri liishe upesi, na watoto ndio wanaobaki kuuliza.

VITABU VINNE

Bibi Agatha Christie, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alitoa mwaka 1959 kitabu kiitwacho Cat Among the Pigeons. Mambo yanatokea Meadowbank, shule ya wasichana wa watu wakubwa. Usiku mmoja mwalimu wa michezo anapigwa risasi katika banda la michezo. Polisi wanazunguka na walimu wanatetemeka. Lakini anayechunguza mpini wa raketi ya tenisi, na kukuta vito vya thamani kubwa vimefichwa ndani yake, ni mwanafunzi mmoja, Julia. Havitwai kwa ajili yake. Anafunga safari mpaka London kwa mpelelezi Hercule Poirot, na kumweleza yote.

Mwaka 2014 Robin Stevens, ambaye mwenyewe alisoma shule ya bweni ya wasichana, alitoa Murder Most Unladylike. Hadithi yake imewekwa mwaka 1934. Hazel Wong, msichana aliyetoka Hong Kong, anamkuta mwalimu wa sayansi amelala chini amekufa katika ukumbi wa mazoezi. Anakimbia kuwaita watu. Wanaporudi, maiti haipo! Nani atamsadiki mtoto, tena mgeni? Basi yeye na rafiki yake Daisy, binti wa lodi, wanachukua daftari na kuanza kuandika: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani aliyemwona.

Katika Marekani, Maureen Johnson alitoa Truly Devious mwaka 2018. Shule yake iko milimani katika jimbo la Vermont, imejengwa na tajiri mmoja. Hadithi yasema kwamba mwaka 1936 mke na binti wa tajiri huyo walitekwa nyara. Miaka mingi baadaye msichana Stevie Bell anaingia shule hiyo na nia ya kulifumbua jambo lile la kale, na kumbe mauti inaingia tena, safari hii kati ya wanafunzi wenzake.

Kitabu cha nne ni Ace of Spades cha mwaka 2021. Mwandishi ni Faridah Àbíké-Íyímídé, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria. Katika shule anayoisimulia wamo wanafunzi weusi wawili tu: Chiamaka, binti wa wenye mali, na Devon, kijana maskini anayesoma kwa msaada wa karo. Humo silaha ya kwanza si kisu wala bunduki. Ni masengenyo. Mtu asiyejulikana anatangaza siri zao kwa simu za wanafunzi wote, moja baada ya nyingine, mpaka hatari kubwa inawakaribia. Sisi tunaojua Amri ya Nane hatutashangaa. Ulimi umewaangusha wengi ambao panga halikuwagusa.

YA KUANGALIA

Si kila kitabu ni cha kila umri. Kile cha Hazel na Daisy chaweza kusomwa na mtoto wa darasa la juu la shule ya msingi aliye hodari kwa Kiingereza. Kile cha Chiamaka na Devon ni cha vijana waliokwisha komaa, maana mna mambo ya ulevi na ya mwili. Mzazi asiyejua Kiingereza asione haya. Amwambie mtoto: "Nisimulie." Mtoto akikataa kusimulia ukurasa fulani, mzazi amekwisha kujua pa kuuliza.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya siri zaidi. Katika vitabu vingi vya upelelezi maiti huwa kama fumbo tu la kuchezea. Twajua saa aliyokufa, twajua alikunywa nini, lakini hakuna anayelia. Sisi hatufundishi watoto wetu hivyo. Aliyekufa alikuwa na mama. Alikuwa na roho. Mtoto akisoma habari ya mauaji bila kumhurumia aliyeuawa, kitabu kimemnyang'anya kitu.

PADRE NA AMRI KUMI ZA HADITHI

Lakini msidhani Kanisa lilikuwa mbali na hadithi hizi. Padre Ronald Knox wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1888, alisoma Eton. Baba yake alikuwa askofu wa Kianglikana. Yeye aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1917, akapata upadre, na baadaye akaitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza peke yake. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikaa Aldenham, na shule ya wasichana ya Masista wa Assumption ikahamia huko kwa kukimbia mabomu. Mafundisho aliyowapa wasichana hao juu ya Misa yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1948.

Padre huyo huyo aliandika hadithi za upelelezi, na mwaka 1929 akatoa amri kumi kwa waandishi wa hadithi hizo. Alisema mwuaji sharti atajwe mapema, asizuke mwishoni. Mpelelezi asisaidiwe na bahati. Kila dalili anayoiona, msomaji naye aonyeshwe. Na amri yake ya pili ilikuwa hii: mambo ya mizimu na ya uchawi yasitumike kamwe kufumbua shauri.

Sikieni vizuri. Padre, mtu anayesadiki malaika na shetani, anasema kwamba katika kumtafuta mwuaji tusiingize mizimu. Tuulize nani alikuwa wapi, nani aliona nini, na mambo yenyewe yanasema nini. Mungu ametupa akili, nayo ni ya kutumiwa.

MPELELEZI WA BIBLIA

Na kabla ya Padre Knox, Biblia yetu ilikuwa na mpelelezi wake. Someni Danieli, sura ya 13, ambayo husomwa katika Misa Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima. Mama Susana, mke wa Yoakimu, tajiri wa Babeli, alisingiziwa uzinzi na wazee wawili. Wazee hao walikuwa waamuzi, watu wa kuheshimiwa, tena walisema wameona kwa macho yao. Watu wote wakawasadiki. Susana akahukumiwa kufa.

Ndipo kijana Danieli akapaza sauti. Hakupiga ramli. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: Uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine. Uongo ukafunuka, na mama asiye na kosa akaokoka. Mwaka 1928 mwandishi Dorothy Sayers wa Uingereza alikusanya hadithi za upelelezi katika kitabu kikubwa, na kisa hiki cha Susana akakiweka humo pamoja na hadithi za kale.

Mnaona sasa jinsi Danieli na wale vijana wa vitabuni wanavyofanana? Hawakubali shauri lifungwe kwa sababu tu aliyesema ni mkubwa. Wala hawakubali mtu awe na hatia kwa sababu tu hana wa kumtetea.

NA SISI JE?

Hapa, ndugu msomaji, tuache Uingereza na Marekani, tutazame nyumbani. Mbuzi akipotea kijijini, nani hushukiwa kwanza? Je, si yule kijana wa kuchunga, aliyetoka mbali, asiye na ukoo hapa? Fedha zikipotea nyumbani, je, si yatima tunayemlea? Na mtoto akifa ghafula, macho ya watu yanageukia wapi?

Katika Tanzania, hasa pande za Ziwa Viktoria, wamekuwako akina bibi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine dalili yao ilikuwa macho mekundu tu. Mpelelezi mwenye akili angeuliza swali moja: Bibi huyu amepika kwa kuni miaka mingapi? Moshi wa jikoni ndio uliomfanya macho mekundu, naye alikuwa akiwapikia watoto na wajukuu. Lakini mganga alikwisha piga ramli, na hapakuwa na Danieli wa kupaza sauti.

Wale walioitwa wapelelezi katika ramli hiyo hawakumpata mwuaji. Walifanya wauaji wapya.

Kwa hiyo mtoto akirudi na kitabu chake, msikitie motoni. Kaeni naye jioni baada ya chakula, na watoto wote wasikie. Mwambieni asimulie, na kabla hajafika mwisho mwulizeni: Nani alisingiziwa kwanza, na kwa nini yeye? Nani alijua ukweli akanyamaza? Aliyekufa, nani alimlilia? Hayo matatu yanatosha. Mtoto anayejua kuyajibu hatabeba jiwe siku watu watakapokusanyika mbele ya nyumba ya bibi kizee. Atasimama na kusema: "Ngojeni. Tuulize kwanza."

Na kabla ya kulala, katika sala ya jioni, waombeeni marehemu wote waliouawa bila kosa, na wauaji pia, wapate kutubu.