Barabara ya Kisoro Yataka Breki Imara

Mpanda ngazi hushuka, na msemo huu wathibitika katika barabara ya lami itokayo Kabale kwenda Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa kilomita zipatazo 80. Mwendesha baiskeli huondoka Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akapita vilima vilivyolimwa kwa matuta hadi Muko, karibu na Ziwa Bunyonyi. Kisha hupanda msitu wa Echuya, wenye mianzi na baridi; hapo koti ni la lazima, kwani jasho hupoa mwilini.

Afikapo Kanaba, ikiwa hakuna ukungu, huiona milima ya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo. Uzuri huo una mtego. Toka hapo barabara huteremka kwa kona nyingi, na breki ikibanwa mfululizo hupata moto na mipira yake hulika. Mwenye busara hukagua breki kabla ya safari, huzibana kwa vipindi, na hupunguza mwendo kabla ya kila kona. Mwenye mzigo mzito hushuka akaikokota baiskeli. Si aibu: jamaa nyumbani wamngoja mtu, hawangoji sifa za mbio.