Gunia la mlangoni mwa bafu: tulifue mara ngapi?

Mwezi huu ukurasa wa nyumba na usafi tumeamua kuutumia kwa kitu ambacho kila mmoja wetu anakikanyaga kila siku bila kukitazama. Ni lile gunia, au kile kitambaa, tunachotandika mlangoni mwa bafu tujipanguse miguu. Wengine mnasema bafu, wengine mnasema dushi, lakini matope ni yaleyale.

Tuseme ukweli, tusingefikiria kuandika habari hii kama isingetupata sisi wenyewe. Kwenye klasta yetu nyumba nne tunatumia bafu moja la bache na miti. Mlangoni palikuwa na gunia la katani, limetandikwa hapo tangu siku nyingi. Jioni moja ya mvua bibi mmoja jirani yetu alitoka kuoga, akalikanyaga, likateleza naye. Akaangukia mkono, ukavunjika penye kiwiko cha kiganja. Wiki sita na plasta. Mwanamke anayeishi na wajukuu wawili, na yeye ndiye anayewapikia na kuwachotea maji.

Tulipokwenda kumwona tulisema, "Shikamoo bibi, pole sana." Akasema, "Marahaba wanangu. Gunia lenu lile linanuka toka mwezi uliopita. Kila siku nalizunguka. Siku ile giza lilinizidi."

Gunia "lenu". Tukatazamana. Maana kila nyumba ilidhani ni la nyumba nyingine. Tulipouliza vizuri, aliyelitandika pale alikuwa amekwisharudi Burundi na familia yake, gunia akaliacha. Tukalinyanyua. Juu lilikuwa na utelezi kama kamasi, chini udongo mweusi wenye maji na vijidudu vinatambaa. Ilituaibisha, tusifiche.

Sasa, kwa nini kitu cha kusafishia miguu kinageuka kuwa kitu cha kuichafua? Ni kwa sababu kinalowa na hakikauki. Kitambaa kikikaa na maji siku moja au mbili ukungu unaanza. Pale panapokuwa na joto, maji na jasho la miguu ya watu wengi ndipo fangasi wa miguu wanapopenda. Mnawajua: ngozi katikati ya vidole inakuwa nyeupe, inabanduka, inawasha, halafu inapasuka. Baba akiwa nao, baada ya muda watoto nao wanajikuna, kwa sababu wote wanapanguswa na kitambaa kimoja. Anayeumwa aende kituo cha afya apewe dawa, na kwa wakati huo awe na kitambaa chake peke yake. Na dawa atumie mpaka mwisho aliyoambiwa, asiache siku mwasho ulipopungua.

Chini ya gunia pia pana mambo. Minyoo ya safura inaingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu ulio peku. Mayai yake yanatoka na kinyesi, na watoto wake wanakua kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Bafu nyingi zetu ziko hatua chache tu kutoka chooni, na mtoto mdogo hachagui pa kujisaidia. Gunia lisiloinuliwa linautunzia udongo huo unyevu na kivuli. Minyoo hii inanyonya damu, na mwanamke mjamzito au mtoto mdogo akipungukiwa damu si jambo la mchezo. Ndiyo maana tunasema gunia zuri halichukui nafasi ya kandambili. Mwenye kandambili avae mpaka ndani ya bafu na atoke nazo.

Tukarudi kwenye swali letu, mara ngapi? Jibu linategemea mna nini mlangoni.

Kitambaa au kizulia cha vitenge vya zamani kifuliwe mara moja kwa wiki. Kama nyumba ina watu wengi, au ni majira ya mvua, ambayo hapa Kigoma yanakwenda karibu kuanzia Oktoba au Novemba mpaka mwezi wa tano, basi mara mbili. Gunia la katani ni hivyo hivyo, ila lenyewe linachelewa sana kukauka, na mwenye nafasi ya kuwa na mawili ya kupokezana afanye hivyo. Kiroba cha plastiki, kile cha unga wa mgao, hakinyonyi maji sana. Kinasuguliwa na brashi na sabuni kila baada ya siku tatu au nne, lakini kikilowa kinateleza kuliko vyote, hasa juu ya simenti. Hicho hatukipendi mlangoni mwa mzee au mama mjamzito. Halafu kuna wale wanaokata kipande cha godoro kuukuu wakakiweka. Jamani, hicho acheni kabisa. Sponji inakunywa maji na haiyatoi, hata uikamue namna gani. Katikati haikauki.

Zaidi ya kufua kuna kazi ya kila siku ambayo haihitaji sabuni wala maji: mtu wa mwisho kuoga jioni anakinyanyua, anakikung'uta, anakitundika. Kisilale chini usiku. Kwetu jambo hili peke yake ndilo lililobadilisha mambo zaidi ya mengine yote.

Tunajua mtasema, maji yenyewe tunapanga foleni, tufue gunia? Ni kweli. Sisi tumejaribu kwa bidoni moja ya lita 20 na inatosha, hata inabaki. Kwanza kikung'ute kikiwa kikavu, upige kwenye mti au jiwe mchanga utoke. Ukikilowesha na mchanga wake unapoteza maji na sabuni bure. Weka lita 5 au 6 kwenye beseni, paka sabuni kidogo kwenye yale madoa tu, acha kilowe nusu saa. Sugua na brashi au bunzi la muhindi pande zote mbili, zaidi upande wa chini. Kamua. Suuza mara mbili kwa lita 4 au 5 kila mara. Yale maji ya sabuni usiyamwage njiani, osha nayo sakafu ya bafu na slabu ya choo.

Sabuni ikiwa imekwisha kabla ya mgao mwingine, majivu meupe ya kuni yaliyochekechwa yanasaidia. Loweka majivu usiku, asubuhi chota yale maji ya juu yaliyotulia. Yanakata mafuta na harufu, ila yanachuna mikono, usiyaache machoni wala kwenye kidonda. Kuchemsha maji kwa ajili ya gunia hatushauri, kuni zenyewe mnajua zinakotafutwa na hatari za huko.

Beseni la kufulia kitu hiki lisiwe la kuoshea vyombo wala la kumwogeshea mtoto. Kama ni hilo moja tu, lisuguliwe na sabuni na kuanikwa juani kabla ya kazi nyingine.

Mtu akiharisha au kutapika ndani ya nyumba, hapo hakuna kungoja Jumamosi. Waliopita Kagunga mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipowakuta watu wamejaa ufukweni mwa ziwa Tanganyika wakingoja meli, hawahitaji kuambiwa. Ondoa uchafu kwanza, fua kwa sabuni, ndipo utumie dawa ya klorini, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu kabla ya kufanya kazi. Kama una ile dawa ya chupa ya dukani iliyoandikwa asilimia 3.5, robo lita kwenye ndoo ya lita 10 inatosha. Loweka dakika 15 kisha suuza. Itafifisha rangi, usishangae. Usichanganye na ndimu, siki wala dawa nyingine ya choo, inatoa hewa mbaya inayobana kifua. Na kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, vipimo vya wahudumu wa afya ndivyo vya kufuata, si vyetu. Kama kitambaa kimechakaa, kichome tu.

Neno moja juu ya kuanika, maana hapa wengi tunakosea. Tunatandaza kitambaa kwenye majani au chini kivulini, eti kitakauka taratibu. Kuna nzi anayeitwa na wengi nzi wa embe. Anapenda kutaga mayai kwenye udongo au nguo mbichi iliyo kivulini, hasa yenye harufu ya mkojo. Yakianguliwa, funza wake anaingia kwenye ngozi na kufanya jipu lenye tundu. Akina mama mmewahi kuyaona matakoni na mgongoni mwa watoto, mkadhani ni majipu ya kawaida. Basi anikeni kwenye kamba, juani, mgeuze upande wa pili, mpaka kikauke kweli. Kitambaa cha pamba mwenye pasi ya mkaa akipige pande zote, joto linayaua mayai. Kiroba usijaribu, kitayeyuka.

Mwisho tuwaambie tulivyofanya sisi. Lile gunia tulilichoma. Vijana wa nyumba nne walichimba mlangoni kina cha kiganja, wakajaza kokoto, na mfereji mdogo kupeleka maji kwenye shimo la mawe nyuma ya bafu. Juu ya kokoto wakaweka chaga ya miti iliyofungwa kwa kamba, maji yanapita katikati. Bafu lenyewe sasa halina gunia. Kila nyumba ina kitambaa chake mlangoni kwake, na anayejua ni chake anakifua. Chaga inasuguliwa kila Jumamosi kwa zamu. Nyumba moja imekosa zamu mara mbili, tumeongea nao, mama wa nyumba hiyo ana mtoto mchanga na dada yake ndiye amechukua zamu yake.

Bibi plasta imetolewa. Mkono bado haukunji vizuri na bidoni anabebewa na vijana. Alikuja kuipima chaga kwa fimbo yake kabla ya kuikanyaga, akaigonga mara tatu, akasema mti wa pembeni umelegea. Ulikuwa umelegea kweli, wakaufunga upya.

Mwezi ujao tutaandika juu ya mikeka ya kulalia na kunguni, kama mlivyotuomba wengi. Wenye njia zao za kuwafukuza watuletee mapema kupitia viongozi wa klasta.