Kwa Nini Jopo la Usaili Uingereza Linang'ang'ania "Tupe Mfano"

Muuguzi mwenye miaka kumi wodini anaingia kwenye usaili wa kazi ya Band 5, daraja la kuanzia la wauguzi Uingereza, anatoka akijiamini, na wiki moja baadaye anapokea barua pepe ya kumshukuru kwa kushiriki. Nafasi kapewa binti aliyemaliza chuo juzi. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp maelezo huwa mawili: ubaguzi, au kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Yote mawili yapo, na sitayakana. Ila kuna maelezo ya tatu yasiyozungumzwa sana: alijibu vizuri maswali ambayo hakuulizwa.

Aliombwa aeleze siku aliyomtetea mgonjwa, yeye akaeleza umuhimu wa kumtetea mgonjwa. Akaulizwa alifanya nini, akasema "sisi huwa tunafanya hivi". Wasaili wakamsikiliza kwa adabu zote, wakamwandikia maksi mbili. Hawakuwa na pa kuandika zaidi ya hapo, na sababu yake ina historia ndefu inayofaa kujulikana kabla hujavaa suti.

Karatasi iliyo mbele yao

Kwenye hospitali za NHS (mfumo wa afya wa umma), halmashauri, vyuo vikuu na ofisi za serikali, usaili ni mtihani wenye mwongozo wa kusahihisha. Wasaili, mara nyingi wawili au watatu, wanakuwa na karatasi moja kwa waombaji wote: maswali yaleyale, na chini ya kila swali mambo wanayotarajia kuyasikia. Kila mmoja anaandika unachosema na kutoa maksi zake, kisha wanalinganisha. Ofisi za serikali kuu zina utaratibu wao uitwao Success Profiles, ambako maksi huanzia 1 hadi 7, na 4 ndicho kiwango cha kukubalika. Hospitali zina mizani zao, nyingi fupi kuliko hiyo.

Ndiyo maana chumba kinakuwa kimya hivyo. Unaongea, wasaili wameinamisha vichwa, hakuna anayetabasamu, na moyoni unasema nimeshaharibu. Wala hujaharibu, wanakimbizana na kalamu.

Karatasi hizo hazitupwi usaili ukiisha. Chini ya Equality Act ya mwaka 2010, mwombaji anayeamini amebaguliwa anaweza kumfikisha mwajiri kwenye baraza la kazi, na pale mwajiri ataulizwa kwa nini fulani alichukuliwa na fulani akaachwa. "Tulimpenda tu" haitamwokoa. Kwa hiyo hata kama mkuu wa wodi anakufahamu, kwa kuwa umeshapiga shifti pale mwaka mzima na anajua unavyochapa kazi, hawezi kukupa maksi kwa jambo ambalo hukulitamka. Waswahili tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye chumba hicho chema kisipojitembeza kinabaki dukani.

Swali lilianzia kwa marubani

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa linafundisha marubani kwa maelfu na kuwatema wengi njiani. Mwanasaikolojia John Flanagan na wenzake wakapewa kazi ya kutafuta chanzo. Walipopitia sababu zilizoandikwa na wakufunzi kuhusu wanafunzi 1,000 walioondolewa, walikuta maneno ya jumla: hana kipaji cha kuruka, hulka yake haifai, haendelei vya kutosha. Kwa maneno hayo huwezi kumchagua rubani wa kesho, kwa sababu hayakuambii mtu alifanya nini angani.

Flanagan akageuza swali. Badala ya kuuliza mtu yukoje, akataka asimuliwe tukio: ilikuwa katika mazingira gani, aliyehusika alifanya nini hasa, na matokeo yake yakawa nini. Mwaka 1954 alichapisha mbinu hiyo, na hadi leo wataalamu wa ajira wanaitumia kuchambua kazi kabla ya kutunga maswali ya usaili.

Mwaka 1973 David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard akasukuma hoja mbele. Aliandika kwamba vipimo vya akili na alama za darasani havisemi mengi kuhusu nani atafanya kazi vizuri. Bora kupima umahiri wenyewe. Katika kazi ya kuchagua maofisa habari ambao Marekani iliwapeleka nchi za nje, yeye na wenzake waliwaketisha maofisa waliosifika na wale wa kawaida, wakawaomba wasimulie matukio ya kazini, kisha wakatazama tofauti iko wapi.

Baada ya hapo wakaja Gary Latham na wenzake mwaka 1980 na swali la "ungefanya nini kama", na Tom Janz mwaka 1982 na swali la "ulifanya nini ulipo". Maswali hayo mawili ndiyo utakayokutana nayo Birmingham, Leeds au Reading. Yamedumu kwa sababu yanafanya kazi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85, wakakuta usaili uliopangwa, wenye maswali yaleyale kwa wote, unabashiri utendaji wa mtu vizuri kuliko mazungumzo ya kujiendea. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walikokotoa upya. Makadirio ya vipimo vingi yakashuka, usaili uliopangwa ukabaki kileleni.

Kivuli cha Stafford

Kwa anayeomba kazi NHS ya England, kuna sura nyingine ya historia hii, tena yenye machungu. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa katika Hospitali ya Stafford waliteseka kwa kukosa huduma za msingi kabisa: wengine waliachwa kwenye shuka chafu, wengine hawakusaidiwa kula wala kunywa. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis ilitoka Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290. Ilionyesha kwamba vyeti havikuwa tatizo pekee. Kulikuwa na watu waliosomea kazi, wakaona, wakanyamaza. Na waliosema hawakusikilizwa.

Tangu hapo NHS ikaanza kuajiri kwa kupima maadili sambamba na ujuzi. Tangu Novemba 2014 taasisi zake zina wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa ukweli pale huduma inapomdhuru. Kutoka huko ndiko yanakokuja maswali mawili yanayowatoa jasho watu wetu: "Umewahi kuona mwenzako akifanya jambo lisilo salama?" na "Tueleze kosa ulilowahi kufanya."

Hapa malezi yanagongana na karatasi. Tumekuzwa na funika kombe mwanaharamu apite. Kumtaja mkubwa wako kazini ni kumchongea, na kukiri kosa mbele ya anayetaka kukuajiri kunaonekana kama kujichimbia kaburi. Basi wengi hujibu, "Namshukuru Mungu, sijawahi." Jibu hilo linampa msaili hofu, kwa sababu kwa mtu aliyesoma habari za Stafford, muuguzi wa miaka kumi asiyewahi kuona kosa ama haangalii, ama anaficha. Wanachotaka kusikia ni hatua zako: ulimlinda mgonjwa kwanza, ukazungumza na mwenzako kwa heshima, ukamjulisha msimamizi, ukaandika ripoti, na utaratibu fulani ukabadilika. Kosa lenyewe liwe la kweli, na mafunzo uliyopata yaonekane kwenye kazi yako ya baadaye.

Majibu mawili ya swali moja

Tuseme swali ni hili: "Tueleze wakati ulipogundua hali ya mgonjwa inabadilika." Jibu la kwanza:

"Hali ya mgonjwa kubadilika ni pale vipimo vyake vinapotoka kwenye kawaida. Ni muhimu sana muuguzi awe makini. Kule nilikotoka tulikuwa tunawapata sana wagonjwa wa aina hiyo, na kama timu tulishirikiana na madaktari, tukawahudumia, wakapona."

La pili, la mtu yuleyule, kuhusu usiku mmoja:

"Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, wauguzi wawili kwa akina mama 22. Saa nane nilimkuta mama aliyefanyiwa upasuaji jioni amelowa jasho, anasema anasikia kizunguzungu. Nilipima: presha 90 kwa 50, mapigo 124. Nikafunua shuka, nikaona damu. Nikamwita mwenzangu alete trei ya dharura, mimi nikaanza kukanda mji wa mimba, simu nimeiweka spika nampigia daktari wa zamu. Nilimweleza kwa mpangilio: ni nani, kafanyiwa nini, vipimo vikoje, nahofia anavuja damu, nakuhitaji sasa hivi. Alipofika nilikuwa nimeshaweka kanula ya pili na kuchukua damu ya kupima grupu. Alirudishwa chumba cha upasuaji, akaongezewa damu, akaruhusiwa siku ya tano. Wiki ile nilimwomba mkuu wa wodi tuwapime akina mama hao kila nusu saa kwa saa nne za mwanzo, na ikakubaliwa."

Jibu la kwanza halina uongo hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodi angeweza kulitoa. La pili lina kitenzi cha nafsi ya kwanza kila baada ya maneno machache: nilipima, nikafunua, nikamwita, nilimweleza. Msaili anajaza karatasi mstari kwa mstari: uchunguzi, mawasiliano, dharura, ushirikiano, uboreshaji wa huduma. Mwenzake yumo ndani ya simulizi, kwa hiyo utu na timu havikupotea. Na jina la mgonjwa halikutajwa, jambo ambalo nalo linapimwa.

Muundo huo ndio watu wa ajira wanaouita STAR, herufi nne zinazosimamia hali, jukumu, hatua na matokeo. Wengi wetu tunamaliza dakika mbili kwenye hali, tukieleza hospitali iko wapi, foleni ilivyokuwa na umeme ulivyokatika, halafu hatua tunazipitia mbio. Geuza: hali na jukumu vimalizike kwa sentensi tatu, hatua zichukue zaidi ya nusu ya jibu, matokeo yafunge.

Tabia ya kuanza na maana ya kitu tumeitoa shuleni, na mitihani ya nyumbani imeikomaza. Aliyepita kwenye usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira Tanzania anaijua kazi ya kukariri fasili na sheria kabla ya kufika hatua ya mahojiano. Maarifa hayo hayapotei bure, kwa sababu huku nako utaulizwa maswali ya kitaalamu. Ila swali likianza na "tueleze wakati", fasili haina maksi.

Namna ya kujiandaa

Anza na waraka unaoorodhesha sifa za mwombaji, unaoambatana na tangazo la kazi. Umegawanywa katika sifa za lazima na za ziada, na maswali mengi yanatungwa kutokana na hizo za lazima. Kila sifa iandikie tukio moja la kweli. Matukio sita au saba yaliyochambuliwa vizuri yanatosha, kwa sababu tukio moja linaweza kujibu swali la mawasiliano, la shinikizo au la ushirikiano, kutegemea unaingilia upande gani. Tafuta namba kila inapowezekana: wagonjwa wangapi, muda gani, kulibadilika nini. Kama hujafanya kazi ya kulipwa siku za karibuni, tukio la kujitolea, la msikitini au kanisani, au la kumuuguza mzazi linakubalika, mradi umeeleza hatua zako.

Halafu sema kwa sauti, si kichwani. Mpe ndugu au rafiki ile orodha ya sifa akuulize bila huruma, na kila ukisema "sisi" akusimamishe akuulize, "Wewe je?" Jirekodi kwa simu. Lafudhi yako si kosa. Kasi ndiyo inayowapoteza wanaoandika, kwa hiyo punguza mwendo.

Siku yenyewe, ukiambiwa "niite Sarah", mwite Sarah, hata ulimi ukigoma bila daktari au madamu mbele. Kuomba swali lirudiwe hakupunguzi maksi. Kama una ulemavu au hali inayohitaji utaratibu tofauti, omba mapema. Kisheria wanapaswa kukuwekea marekebisho yanayowezekana. Mwisho ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza jambo la kazi, kwa mfano wiki za mwanzo utasimamiwa na nani, badala ya kusema huna swali.

Ukikosa nafasi, usiishie kwenye kundi la WhatsApp. Andika siku hiyohiyo kuomba mrejesho, na uulize ni maswali yapi ulipata maksi ndogo na kilikosekana nini. Karatasi wanayo, na waajiri wengi wa umma watakujibu. Pengine utagundua ulikosa nafasi kwa swali moja tu, lile la kosa ulilowahi kufanya. Hilo unaweza kuliandaa jioni moja kabla ya tangazo lijalo.