Kiazi Kitamu cha Kujazwa: Chakula cha Jioni Kisicho na Nyama

Katika nyumba nyingi za Kenya kiazi kitamu ni mwenzake chai ya asubuhi. Jioni ikifika hakitajwi tena, maana wako wengi wadhanio kwamba pasipo ugali hapana chakula, na pasipo nyama mgeni hakukaribishwa. Dhana hiyo yafaa kuangaliwa upya. Kiazi kikijazwa ndengu na mboga za majani ni chakula kamili, tena huwa tayari upesi kuliko nyama ya kuchemsha.

Kiazi hutia nguvu, ndengu hujenga mwili, mboga huulinda. Kiazi peke yake kina protini kidogo sana, na kwa sababu hiyo mtoto alishwaye viazi na chai tupu huweza kuonekana ameshiba, kumbe hakui ipasavyo.

Rangi nayo ina maana. Viazi vyeupe kwa ndani havimpi mlaji vitamini A ya kutosha, bali vile vya rangi ya machungwa humpa kwa wingi. Mtoto aikosaye vitamini hiyo kwa muda mrefu hushindwa kuona vema giza linapoingia, na mwisho aweza kupofuka kabisa. Gramu 125 za kiazi cha rangi hiyo, yaani kimoja kidogo, zaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Mwaka 2016 Dkt. Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Watu wazima wengine hulalamika kwamba ni laini mno, si vikavu kama vile walivyozoea. Ni kweli, lakini kwa kazi ya kujaza ulaini huo ni faida.

Kwa watu watano vyatosha viazi vitano vya kadiri, kikombe kimoja na nusu cha ndengu kavu, fungu moja la sukuma wiki au mchicha, kitunguu, nyanya mbili, mafuta vijiko viwili na chumvi. Kiazi chenye matundu ya fukusi kitupwe. Huwa kichungu, na uchungu huo hauondoki kwa kupikwa.

Ndengu zilowekwe asubuhi, zichemshwe mapema mpaka zilainike. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wote, hasa kwa mwenye jiko moja tu. Jioni viazi vioshwe vizuri, visimenywe, viwekwe katika sufuria yenye maji kidogo na kifuniko kilichobana. Kwa muda wa nusu saa hivi vitakuwa vimeiva. Kuvichoma majivuni huleta utamu zaidi, lakini huchukua muda mrefu na makaa mengi. Kisu kikipenya bila kukwama, viazi viepuliwe mara moja, maana vikizidi kuiva hupasuka na havishiki kitu. Vifunikwe kwa kitambaa safi visipoe.

Jiko likiwa wazi, kitunguu kikaangwe kwa mafuta, nyanya zifuate, kisha ndengu, nazo zitokote barabara. Mboga iliyokatwa iingie mwisho, kwa dakika tano tu. Mafuta yasiachwe kwa kubana matumizi: vitamini A haiingii mwilini vema bila mafuta kidogo.

Kila kiazi kipasuliwe kwa urefu bila kufika chini. Nyama yake ya ndani ipondwe kwa kijiko, nyingine ichotwe na kuchanganywa na ndengu, kisha mchanganyiko urudishwe ndani mpaka ufurike. Mtoto ambaye bado hajatafuna vizuri apondewe vyote pamoja, bila ganda.

Mahali ambapo ndengu ni ghali, maharagwe yafaa vilevile, ila yahitaji kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa moto mkali mwanzoni. Matone ya ndimu juu ya chakula husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika ndengu na mboga. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo birika lisitengwe mezani pamoja na viazi, bali lingoje kiasi cha saa moja baada ya watu kula.