Ushuru wa Rais wa Marekani Unatoka Sheria Ipi?

Katiba ya Marekani haimpi rais mamlaka ya kutoza ushuru wa forodha. Ibara ya kwanza imelikabidhi Bunge kazi hiyo. Kwa hiyo rais akitangaza ushuru mpya, mwagizaji wa mizigo, ambaye ndiye anayeulipa forodhani, aulize kwanza: ametumia sheria ipi?

Zamani wabunge walipanga viwango wenyewe, bidhaa kwa bidhaa. Mwaka 1930 walipitisha sheria ya Smoot-Hawley, wakapandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa. Nchi nyingine zikalipiza, na biashara ya dunia iliyokuwa imeshayumba ikazidi kudidimia. Mwaka 1934, enzi za Rais Roosevelt, Bunge likamruhusu rais kubadili viwango kwa hadi asilimia 50 kupitia mikataba na nchi nyingine. Lengo lilikuwa kushusha ushuru. Tangu hapo mamlaka yakaendelea kuhama, kipande kwa kipande.

Kila kipande kiliwekewa uzio. Kifungu cha 232 cha sheria ya mwaka 1962 kinahusu usalama wa taifa: Wizara ya Biashara huchunguza kwanza, na ina siku 270 za kuwasilisha ripoti. Ndicho kilichotumika mwaka 2018 kutoza chuma asilimia 25 na alumini asilimia 10. Kifungu cha 301 cha sheria ya mwaka 1974 ni cha kuzibana nchi zinazofanya biashara isiyo ya haki, nacho hudai uchunguzi. China iliguswa nacho mwaka huohuo wa 2018. Kifungu cha 122 cha sheria hiyohiyo hakidai uchunguzi, lakini ushuru wake hauvuki asilimia 15 wala siku 150, isipokuwa Bunge liuongezee muda.

Kifungu hicho cha 122 kina asili yake. Agosti 1971 Rais Nixon alitangaza nyongeza ya asilimia 10 kwa bidhaa nyingi za nje, akaiondoa Desemba. Kampuni iliyokuwa ikiagiza zipu kutoka Japani ilikwenda mahakamani kudai fedha zake. Serikali ikajitetea kwa sheria ya mwaka 1917 ya biashara na adui, iliyokuwa ikimruhusu rais kudhibiti uingizaji wa bidhaa wakati wa dharura. Kampuni ilishinda mwanzo, ikashindwa katika rufaa mwaka 1975. Majaji wa rufaa walizingatia kwamba ushuru ule ulikuwa na kikomo na ulikuwa wa muda. Wakati huo Bunge lilikuwa limeshatunga kifungu cha 122, ili hali kama ile iwe na sheria yake na mipaka yake.

Lakini mwaka 1977 Bunge lilipotunga sheria mpya ya dharura za kiuchumi, lilirithi maneno yaleyale ya kudhibiti uingizaji. Neno ushuru halimo, kiwango cha juu hakimo, uchunguzi haudaiwi. Hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2025, kwanza dhidi ya Kanada, Mexico na China, kisha Aprili dhidi ya karibu dunia nzima, Kenya na Tanzania zikiwemo kwa asilimia 10. Mei, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba rais amevuka mipaka. Agosti, mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo kwa majaji saba dhidi ya wanne. Naona walikuwa sahihi. Kama sheria moja isiyo na uzio inatosha, Bunge lilihangaika nini kujenga zile nyingine?

Afrika Mashariki tulishaonja mamlaka ya namna hii kupitia AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyofungulia bidhaa za Afrika soko la Marekani bila ushuru. Rais ndiye aliyepewa kuamua nani anafaa kunufaika. Nchi zetu zilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika serikalini kwao. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda, iliyokuwa imepandisha kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa. Machi 2018 rais alilitaarifu Bunge, kama sheria ilivyomtaka afanye angalau siku 60 kabla. Mwisho wa Julai nguo za Rwanda zikapoteza msamaha huo, na hakuna mbunge aliyetakiwa kupiga kura.