Saa za Mashine Kwanza, Video Baadaye

Mwalimu wa ufundi akiambiwa apange mwaka mzima wa kufundisha na kutafiti kwa msaada wa teknolojia, mara nyingi huanza na orodha ya programu za kupakua. Mimi ningeanzia karakanani, kwa kuhesabu mashine.

Tuseme hapa Kikwe, mkoani Arusha, pana chuo kidogo cha kuchomelea vyuma, wanafunzi 24, mashine 2. Kipindi ni saa 3. Saa ya kwanza mwalimu yuko ubaoni akieleza aina za viungo na kanuni za usalama, mashine zimezimwa. Zinabaki saa 2, yaani dakika 240 kwa mashine zote mbili, na kila mwanafunzi anaambulia dakika 10. Somo la ubaoni likihamia kwenye simu jioni iliyotangulia, dakika hizo zinakuwa 15, na hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Faida nyingine za teknolojia zipo, lakini kwangu zote ni nyongeza juu ya hiyo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ililijaribu wazo hili mwaka 2016 iliposhirikiana na kampuni ya simu ya Airtel kuanzisha programu ya VSOMO: nadharia kwenye simu janja, vitendo chuoni. Mgawanyo huo ndio wa kuiga. Majina ya elektrodi na vifaa vya kinga yanasomeka vizuri kwenye kioo cha simu. Namna mkono unavyoinama, na mlio wa moto unapokaa sawa, havisomeki huko.

Basi Januari hadi Machi usigawe video hata moja. Fundisha kama ulivyozoea, ila andika kila kipindi mashine zimefanya kazi dakika ngapi. Wengi watashtuka.

Masika yakiingia, barabara za vumbi zinageuka tope na mahudhurio yanayumba. Huo ni wakati mzuri wa kurekodi. Video iwe ya dakika 3 au 4, ipigwe kwenye mashine ileile atakayoishika mwanafunzi. Zile za ng'ambo, zenye karakana zinazong'aa, humwacha akitafuta kitufe ambacho mashine yake haina. Zigawe kwa memori kadi au kwa kurushiana simu kwa simu, maana bando linatoka mfukoni mwa mzazi. Mwenye kitochi atazame na mwenzake, au kwenye kompyuta ya chuo.

Juni ndipo utafiti uanze, na swali liwe moja: je, anayetazama video kabla ya kipindi hutoa kiungo cha kwanza chenye kasoro chache? Hapa pana mtego. Ukilinganisha waliotazama kwa hiari na wasiotazama, utaipa video sifa za bidii ya mwanafunzi. Gawa darasa kwa kura. Kundi moja lipate video ya somo la kwanza mapema, la pili liipate baada ya kipindi; somo linalofuata wabadilishane, hivyo hakuna anayenyimwa. Kila kiungo kipigwe namba badala ya jina, kibanwe kwenye jiliwa, kipindwe kwa nyundo. Akague mwalimu mwingine asiyejua namba ipi ni ya kundi lipi.

Wanafunzi 24 ni wachache, kwa hiyo rudia zoezi kwa masomo kadhaa hadi Septemba. Kwa msaada wa kuchambua takwimu, majirani hatuwakosi: Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, na Chuo cha Ufundi Arusha kiko mjini. Picha na matokeo ya wanafunzi yasitumwe kwenye makundi ya WhatsApp bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu walimu pia.

Oktoba wanafunzi wakienda kwa mafundi wa Usa River kwa mazoezi kazini, kipimo kinahama nao. Fomu ndefu ya tathmini hujazwa kwa heshima, na heshima haifundishi kitu. Mpigie simu mwenye karakana umuulize: kazi gani ya kijana huyu imekulazimu uirudie? Umuulize wiki ya pili, kabla hajasahau.